Tathmini: kalenda ya kudumu ya watakatifu, yenye tarehe nyingi kuliko sababu

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, iliyoko upande wa Nyakato hapa Mwanza, katibu ndiye anayetakiwa kusimama kila tunapokutana na kusema maneno machache juu ya mtakatifu wa siku hiyo. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka minne, na muda wote huo nimekuwa nikiokoteza habari huku na huko: kidogo kwenye mahubiri, kidogo kwenye simu ya mwanangu, kidogo kwa katekista wetu, ambaye anakumbuka mengi lakini hupenda kuongeza chumvi. Kwa hiyo, siku nilipoiona kalenda ya kudumu ya watakatifu ikining'inia katika duka moja la vifaa vya ibada katikati ya jiji, kati ya rozari na mishumaa ya ubatizo, niliinunua kwa shilingi 12,000 bila kujiuliza mara mbili. Nimeitumia kwa mwaka mzima sasa, kuanzia Januari hadi Desemba, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya makatibu wenzangu, makatekista, na wazazi wanaotafuta majina ya ubatizo, ambao nadhani watavutwa nayo kama nilivyovutwa mimi.

Neno "kudumu" limechapwa kwenye jalada kwa rangi ya dhahabu, na maana yake ni kwamba kalenda haina Jumatatu wala Jumapili. Ina tarehe tu, pamoja na 29 Februari, ili itumike mwaka huu, mwaka kesho na mwaka utakaofuata. Kila mwezi una ukurasa wake wa karatasi nzito: juu picha, chini tarehe, na mbele ya kila tarehe jina la mtakatifu pamoja na mistari miwili au mitatu ya maisha yake. Nyuma ya kila ukurasa kuna makala ndefu kuhusu asili ya sikukuu kubwa ya mwezi huo. Ukurasa wa 13 umebeba sikukuu zinazohama, yaani Pasaka na zote zinazoifuata. Kijana wa dukani hakuniruhusu kufungua nailoni kabla ya kulipa. "Samahani mama, ikishafunguliwa haiuziki," alisema, nami nikamwelewa, ingawa kitu kinachonunuliwa kwa ajili ya maandishi yake kingestahili kuwa na nakala moja ya kuonyeshea.

Kipimo nilichokitumia kuipima ni kimoja. Wanajumuiya, na watoto kuliko wakubwa, hawaulizi sana mtakatifu aliishi wapi. Wanauliza kwa nini tunamkumbuka leo na si jana. Jibu la jumla kila katekista analijua: mtakatifu hukumbukwa siku aliyokufa, kwa sababu Wakristo wa mwanzo waliihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwake mbinguni. Tayari katika karne ya 2, waumini wa Smirna walipomzika askofu wao Polikarpo, aliyeuawa kwa ajili ya imani, waliandika kwamba wangekutana penye mabaki yake kila mwaka kusherehekea siku ya kuzaliwa ya ushahidi wake. Kalenda inalieleza jambo hilo vizuri kwenye ukurasa wa kwanza. Inaeleza vizuri pia kwamba ni watatu tu ambao Kanisa linasherehekea kuzaliwa kwao duniani: Yesu mwenyewe, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Hata hesabu imewekwa wazi: malaika alimwambia Maria kwamba Elizabeti alikuwa katika mwezi wake wa sita, kwa hiyo ukitoka 25 Machi, siku ya Kupashwa Habari, ukasogea miezi mitatu, unafika kwa Yohane, ukisogea tisa, unafika Noeli. Nilipoyasoma hayo kwa sauti mbele ya jumuiya, bibi mmoja alihesabu kwa vidole vyake hadi mwisho, kisha akasema kumbe Kanisa nalo lina wakunga wake.

Tatizo linaanzia pale ambapo siku haikufuata kanuni hiyo, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Chukua Mtakatifu Teresia wa Avila. Kalenda inasema alikufa 1582 na kumbukumbu yake ni 15 Oktoba, basi. Haisemi kwamba alikufa usiku wa 4 Oktoba, na kwamba siku iliyofuata usiku huo ilikuwa 15 Oktoba, kwa sababu ndio usiku ambao Papa Gregori XIII alikuwa ameamuru siku kumi ziondolewe ili kalenda ilingane tena na jua. Mama huyo alifunga macho katika kalenda moja akazikwa katika nyingine. Habari kama hiyo, katika kitu ambacho chenyewe ni kalenda, kuikosa ni kama kupika sato ukasahau chumvi.

Chukua tena Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye watu wazima wa Mwanza hawahitaji kuelezwa ni nani, kwa kuwa alifika hapa Septemba 1990 na wapo wanaokumbuka walisimama wapi siku hiyo. Alikufa 2 Aprili 2005. Kalenda inamweka 22 Oktoba bila neno la ziada, na kila mwaka mtu ananiuliza kama ni kosa la mchapaji. Si kosa. Tarehe 2 Aprili mara nyingi huangukia Kwaresima au siku za Pasaka, ambapo kumbukumbu za watakatifu humezwa, kwa hiyo ilichaguliwa siku aliyoanza rasmi utume wake wa upapa, 22 Oktoba 1978. Sababu ya namna hiyo hiyo ilimhamisha Mtakatifu Tomaso wa Akwino mwaka 1969, kutoka 7 Machi hadi 28 Januari, na 7 Machi wakarudishiwa Perpetua na Felista, waliouawa Kartago siku hiyo mwaka 203, ambao kwa karne nyingi walikuwa wamesogezwa pembeni kumpisha mwanateolojia. Mmoja wao alikuwa mama anayenyonyesha, mwingine mtumwa aliyejifungua gerezani. Niliwaeleza hayo akina mama wa WAWATA, yaani umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, na kwa dakika kadhaa sikuweza kuendelea na ajenda.

Kwa haki yake, kalenda inamtendea vema Mtakatifu Monika, somo wa jumuiya yetu. Inaeleza kwamba zamani alikumbukwa 4 Mei, na kwamba alihamishiwa 27 Agosti ili awe mkesha wa mwanawe Agustino, aliyekufa Hipo 28 Agosti 430. Mama aliyemlilia mwanawe miaka mingi sasa anamtangulia kwa siku moja tu. Binti yangu, aliyesoma Malimbe katika chuo kikuu chenye jina la Agustino, aliniambia kwamba katika miaka yake yote mitatu chuoni hakuwahi kufahamu kwa nini sikukuu hizo mbili zinafuatana.

Ukurasa nilioutegemea kuliko yote ulikuwa wa Juni, kwa sababu ya Karoli Lwanga na wenzake. Kuna watu wanaodhani Mashahidi wa Uganda ni habari ya ng'ambo, wakati nusu ya habari hiyo ilipita kwenye mwambao wetu. Kalenda inalijua hilo, na hapa inastahili sifa. Inaeleza jinsi Mapadre Weupe wa kwanza walivyofika ukingo wa kusini wa ziwa na kukaa Kageye, iliyoko leo wilaya ya Magu. Jinsi Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walivyovuka kwa mtumbwi wakatia nanga upande wa Entebbe Februari 1879. Jinsi mwishoni mwa 1882 wamisionari walivyolazimika kuondoka Buganda na kurudi kusini, ambako misioni ya Bukumbi ilianza 1883. Na jinsi, kwa miaka ile karibu mitatu ya kukosa padre, waumini kama Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walivyolea Kanisa wenyewe hadi mapadre waliporejea 1885. Makala hiyo niliisoma yote kwenye jumuiya bila kupunguza hata sentensi. Nyumba ya mmoja wetu ina asili ya Bukumbi, na baba wa nyumba hiyo alisimama kutuonyesha kwa mkono upande kilipo kijiji chao, kana kwamba tungeweza kukiona kutoka pale.

Kisha ukigeuza karatasi uende mbele, kwenye tarehe 3 Juni, unakuta mistari miwili inayosema kwamba mashahidi wote 22 walichomwa moto Namugongo siku hiyo ya mwaka 1886. Hapana. Ni kweli kwamba Lwanga na kundi kubwa la vijana wa ikulu waliuawa hapo siku hiyo, lakini Yosefu Mukasa aliuawa 15 Novemba 1885, siku ile ile Lwanga alipobatizwa. Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo 26 Mei. Matia Mulumba aliachwa afe taratibu kwa majeraha. Na wa mwisho, Yohane Maria Muzeyi, aliuawa Januari 1887, miezi saba baada ya moto wa Namugongo kuzimika. Tarehe 3 Juni ni siku ya wote kwa sababu ndiyo siku iliyobeba wengi. Aliyeandika makala ya nyuma na aliyejaza tarehe za mbele bila shaka ni watu wawili ambao hawakukaa meza moja. Wala hapakutajwa vijana wa Kianglikana waliokufa pamoja nao, ambao Papa Paulo VI aliwataja alipowatangaza hao 22 kuwa watakatifu 18 Oktoba 1964. Katika mtaa wetu, ambapo ukuta wa nyumba ya Mkatoliki umepakana na wa Mwanglikana, hilo lingekuwa jambo la kusema.

Hapa pia ndipo wazo la "kudumu" linapoonyesha upungufu wake. Kalenda isiyo na siku za wiki haiwezi kukuambia kwamba 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, na si Alhamisi yoyote, bali sikukuu ya Kupaa Bwana. Pasaka ya mwaka huo iliangukia 25 Aprili, tarehe ya mbali kuliko zote ambazo Pasaka inaweza kufika, kwa kuwa huwa Jumapili ya baada ya mwezi mpevu wa majira yale na haiwezi kutoka nje ya 22 Machi na 25 Aprili. Siku arobaini za Pasaka ziliisha Namugongo. Kanuni ya kuhesabu Pasaka ipo kwenye ukurasa wa 13, imeandikwa kwa usahihi; habari za Lwanga zipo kwenye ukurasa wa sita; hakuna kinachoziunganisha.

Upande wa watakatifu ambao habari zao zimechanganyika na masimulizi, kalenda inayumba. Kuhusu Kristofa, ambaye medali yake inaning'inia kwenye vioo vya daladala nyingi za hapa mjini, inasema kwamba "alifutwa utakatifu mwaka 1969". Kauli hiyo nimeisikia hata kwa watu wenye elimu, na haina ukweli. Mwaka huo Paulo VI alipanga upya kalenda ya Kanisa zima, na kumbukumbu kadhaa ambazo historia yake ni hafifu ziliondolewa kwenye orodha inayowahusu wote. Kristofa hakunyang'anywa utakatifu, na bado anaweza kukumbukwa mahali anapoheshimiwa. Sisi ambao kwa miaka mingi tulivuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko, kabla ya daraja kufunguliwa 2025, tulikuwa na sababu zetu za kumpenda jitu lililobeba wasafiri begani kuwavusha mto, na tungefurahi kuambiwa kwa upole kwamba mto huo ni wa masimulizi ila mfiadini mwenyewe aliheshimiwa tangu zamani.

Kwa Valentino kalenda inafanya kinyume chake. Imemwacha 14 Februari peke yake, kwa sentensi tatu za mapenzi na barua aliyomwandikia binti wa askari jela, mambo ambayo hayana ushahidi wowote wa kale. Kinachojulikana kwa hakika ni jina lake na kwamba alizikwa kando ya barabara ya Flaminia nje ya Roma. Waliostahili tarehe hiyo ni Sirili na Metodi, mitume wa Waslavoni, kwa kuwa Sirili alikufa Roma 14 Februari 869 baada ya kutunga alfabeti ya kuandikia lugha ambayo haikuwa na maandishi. Nashuku kwamba mchapaji aliwaza soko la maua, ambalo siku hiyo hustawi hata Mwanza.

Mamajusi wa Epifania wameandikwa kuwa "wafalme watatu", pamoja na majina yao, kana kwamba Mathayo ndiye aliyeyataja. Mathayo hakusema ni wafalme, wala hakutoa idadi. Watatu walitokana na zawadi tatu. Kwa jimbo ambalo kanisa kuu lake, pale kwenye kilima cha Bugando, limewekwa chini ya jina la Epifania, sentensi moja ya uangalifu isingezidi uwezo wao.

Lakini kuna Sesilia. Kila mwanakwaya wa kanda ya ziwa anajua kwamba 22 Novemba ni siku yake, na kwaya zinazobeba jina lake hazihesabiki. Kalenda inaeleza, katika makala fupi iliyo bora kuliko zote, jinsi alivyopata usimamizi huo: masimulizi ya kale ya ushahidi wake yanasema kwamba siku ya arusi yake, ala zilipokuwa zikilia, yeye aliimba moyoni mwake kwa ajili ya Mungu peke yake. Yaani msimamizi wa wanamuziki alipata cheo hicho kwa kutosikiliza muziki uliokuwa ukipigwa. Mwandishi anasema waziwazi kwamba hayo ni masimulizi yaliyoandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, na habari haikupoteza utamu hata kidogo kwa kusema hivyo. Nilimpa mwalimu wetu wa kwaya aisome. Alicheka, kisha akaitumia kuwanyamazisha sauti ya nne.

Makala ya Novemba kuhusu Watakatifu Wote nayo ni nzuri, ikifuata sikukuu hiyo kutoka 13 Mei, siku ambayo Papa Bonifasi IV, mwanzoni mwa karne ya 7, alilitabaruku hekalu la Pantheoni mjini Roma kuwa kanisa la Bikira Maria na mashahidi, hadi 1 Novemba, ambayo Papa Gregori IV aliieneza katika karne ya 9. Ile ya Desemba imekata shauri haraka mno kwamba 25 Desemba ilichukuliwa kwa wapagani walioabudu jua. Inawezekana, ila wapo wataalamu wanaoona kwamba tarehe hiyo ilitokana na ile hesabu ya miezi tisa kutoka 25 Machi, ambayo kalenda yenyewe ilikwisha kuieleza mwezi wa tatu.

Kwa wazazi, hii ni zana ya kufaa. Wasukuma kwa desturi huliangalia tukio la wakati wa kuzaliwa wakampa mtoto jina, ndiyo maana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na kufungua kalenda ukatafuta mtakatifu wa siku hiyo si jambo geni kwetu. Mwaka huu familia mbili za jumuiya zilichagua majina kutoka ukutani kwangu. Moja ilichagua Bakhita, wa 8 Februari. Kalenda inaeleza kwamba alitekwa Darfur akiwa mtoto, akasahau jina alilopewa na wazazi, na kwamba Bakhita ni jina aliloitwa na watekaji, lenye maana ya mwenye bahati. Haikusema, na pengine haikuhitaji kumwambia Mswahili, kwamba neno lenyewe ni lile lile la bahati yetu. Bibi wa mtoto alilitambua mara moja.

Kuhusu karatasi na chapa sina mengi. Waya wa juu ni imara, picha zimefifia upande uliopigwa na jua, nafasi ya kuandika tarehe za vikao haipo kabisa, na herufi za maisha ya watakatifu ni ndogo kiasi kwamba mtu wa umri wangu husogelea ukuta kama anayesali. Jambo moja linafaa sana: kila tarehe imewekewa alama kuonyesha kama ni sherehe, sikukuu, kumbukumbu au kumbukumbu ya hiari, tofauti ambayo wengi wetu hatukuwahi kufundishwa.

Nilirudi dukani wiki iliyopita kununua nakala ya pili kwa ajili ya binti yangu aliyeolewa Sengerema, na safari hii yule kijana aliifungua nailoni mwenyewe nikague kama 3 Juni imerekebishwa. Haijarekebishwa. Nimeinunua hivyo hivyo, na jana jioni nilikaa nazo mbili mezani nikinakili kwa penseli, kutoka ya kwangu kwenda ya kwake, maelezo ya pembeni ya tarehe kumi na moja. Iliyonichukua nafasi kubwa zaidi ni 15 Oktoba, ambayo imebidi niiendeleze hadi kwenye mstari wa tarehe 16.